Ndege haimlei mtoto

Kila shule zinapofungwa, katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi huonekana vijana wa miaka 13 au 14 wakiwa na pasipoti mkononi, wakiagana na nyanya au shangazi zao. Huyu anamfuata mamake ambaye ni muuguzi Uingereza. Yule anakwenda kumzuru babake Marekani. Hilo si ajabu tena. Wakenya wametawanyika kote duniani kutafuta riziki, na si kila mzazi anayeweza kununua tiketi ya pili ili mwanawe asindikizwe. Sina nia, basi, ya kumlaumu mzazi anayemtuma mtoto peke yake. Swali langu ni hili: je, maandalizi tunayoyafanya yanalingana na uzito wa jambo lenyewe?

Nionavyo mimi, hayalingani. Jamaa hutumia miezi mitatu kutafuta viza na nauli, kisha humweleza mtoto yatakayomkabili kwa nusu saa tu, tena garini wakielekea uwanjani.

Kwanza, yafaa tufahamu kwamba kijana wa umri huu yumo katika pengo. Kwa mujibu wa Katiba yetu ya mwaka 2010, kila asiyetimiza miaka 18 ni mtoto, na Kifungu cha 53 kinaagiza maslahi yake yatangulizwe katika kila jambo linalomhusu. Mashirika ya ndege yana hesabu nyingine. Mengi humchukulia mtoto wa miaka 5 hadi 11 kuwa wa kukabidhiwa mhudumu, ambaye humwongoza mpaka kwa mpokezi aliyeandikishwa jina, naye mpokezi huonyesha kitambulisho na kutia sahihi. Akitimiza miaka 12, katika mashirika mengi huwa abiria kama wewe na mimi, isipokuwa mzazi aiombe huduma hiyo na kuilipia. Kwa hivyo kijana wetu ni mtoto mbele ya sheria, lakini ni mtu mzima mbele ya tiketi. Ndege ya pili ikiahirishwa usiku wa manane huko Doha au Addis Ababa, nani atamtafutia malazi, ilhali hoteli nyingi hazimpokei mtoto asiye na mkubwa wake? Mzazi anayefurahia kupunguza nauli kwa kumpitisha mwanawe katika viwanja viwili vya kigeni na alifikirie hilo kabla ya kulipa.

Pili, kuna suala la stakabadhi. Ni busara mtoto abebe barua ya idhini iliyotiwa sahihi na wazazi wote wawili mbele ya wakili, nakala ya cheti cha kuzaliwa, pamoja na jina, anwani na nambari ya simu ya mpokezi. Wapo wanaonung'unika kwamba huu ni usumbufu. Afrika Kusini ilipoanza mwaka 2015 kudai cheti kamili cha kuzaliwa kwa kila mtoto aliyevuka mipaka yake, wenye biashara ya utalii walilalamika sana, na baadaye masharti yakalegezwa. Hata hivyo, shabaha yake ilikuwa kuwazuia walanguzi wa watoto. Afisa wa uhamiaji anayemhoji mtoto kwa dakika kumi hamwonei. Huenda yeye ndiye mlinzi wake wa mwisho.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, ni mpokezi mwenyewe. Victoria Climbié alizaliwa Ivory Coast mwaka 1991. Wazazi wake walimkabidhi kwa shangazi ya babake, aliyeahidi kumsomesha Ulaya. Aliingia Uingereza mwaka 1999 kwa pasipoti ya mtoto mwingine, na mwezi wa Februari mwaka 2000 akafa London kwa mateso aliyotendewa na shangazi huyo na mwanamume aliyeishi naye. Alikuwa na miaka 8. Tuzingatie kwamba Victoria hakusafiri peke yake, bali alisafiri na jamaa. Hatari haikuwa angani. Ilikuwa nyuma ya mlango wa nyumba. Sheria za Uingereza hudai serikali ya mtaa iarifiwe mtoto wa chini ya miaka 16 anapokaa siku 28 au zaidi kwa mtu asiye mzazi wala jamaa wa karibu. Mzazi wa Kenya asiichukie sheria hiyo, maana inamlindia mwanawe pale ambapo macho yake hayafiki.

Nasi walimu tuna wajibu wetu. Niliwahi kumwuliza mwanafunzi mmoja aliyekaribia kuondoka aniambie safari yake. Alijua nambari ya kiti chake ndegeni, wala hakujua jina la mtaa atakaoishi. Somo moja lingetosha kumfundisha kijana kuisoma tiketi, kukariri nambari mbili za simu, kuwatambua wafanyakazi wa uwanja kwa sare zao, na kukataa katakata kubeba mzigo wa mtu mwingine, hata akiwa mzee mwenye heshima. Aidha, afundishwe kwamba ana ruhusa ya kusema, "Hapa nilipo sipo salama," na aambiwe ni nani wa kumwambia hivyo.

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Lakini karo ya ulimwengu ni ghali mno kwa mtoto wa miaka 13. Basi wewe mzazi, kabla ya kununua tiketi, zungumza na mpokezi, umjue na nyumba yake, kisha uketi na mwanao umwulize kama yuko tayari. Akisema hayuko tayari, ahirisha safari. Ndege nyingine itakuwapo.