Mzee Wetu na Daftari Lake

Usiku mmoja wa masika, baada ya Isha, tulimtafuta mzee wetu mmoja kwa tochi, tukapita mashamba ya kahawa hapa Matiri hadi kwenye ngoro za mteremkoni. Alikuwa ametoka msikitini, akapinda upande usio wake katika njia aliyoipita miaka mingi. Tulimkuta ameketi, kanzu imelowa, akituuliza kama Alfajiri imekwisha kuadhiniwa. Mwezi ule ule sisi wa kamati tulikuwa tumemwondoa katika uadhini, kwa kuwa aliadhini Adhuhuri mara mbili. Tulimwondoa tu, hatukuuliza kilichombadilisha.

Kesho yake, nyumbani kwake, tulistaajabu. Mkwewe alimpa vidonge vya presha kutoka hospitali. Mwanawe aliye Songea alituma dawa nyingine kwa basi. Jirani alileta mizizi. Ustadhi wetu alimsomea ruqya. Wote walimpenda, lakini hawakuwahi kuketi mkeka mmoja. Daktari hakuijua mizizi, na hakuna aliyejua kwamba mzee, akisahau kuwa amemeza, alimeza tena. Huko kisimani vijana walikwisha kunong'ona uchawi.

Neno hilo si la mzaha. Katika nchi yetu, hususan Usukumani, wazee wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo, wengi wao mama zetu. Watafiti waliopita vijiji 6 vya wilaya ya Hai, Kilimanjaro, walichapisha mwaka 2013 kwamba takribani wazee 6 katika kila 100 wa miaka 70 na zaidi wana ugonjwa huu wa kupoteza kumbukumbu, ambao madaktari huuita dimenshia. Ungekuwa uchawi, Hai nzima ingejaa wachawi! Na Qur'ani, katika Surat An-Nahl aya ya 70, imekwisha kututajia mtu anayefikishwa umri wa kutojua kitu baada ya kujua, wala haikumtuhumu.

Sasa lipo daftari moja, nalo hukaa kwa mkwe. Kila anachomeza mzee huandikwa humo, pamoja na aliyekileta na saa aliyopewa. Ustadhi naye huandika. Hatukuikataza ruqya. Daftari hilo ndilo linalokwenda kwa daktari, kwani usahaulifu mwingine una sababu zinazotibika: tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, huzuni nzito, hata dawa zenyewe. Mzee akichanganyikiwa ghafla, kwa siku moja au mbili, huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mhudumu wa afya wa kijiji, ambaye ni Mkristo, humpitia, na majirani wa parokia wakimkuta njiani humrudisha nyumbani. Kuhusu gharama, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 imeelekeza wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bure. Familia ianzie serikali ya kijiji.

Aliyetushtua zaidi ni mkwe. Tulipomuuliza anahitaji nini, tukidhani atataja fedha, alijibu: usingizi. Kina mama wa jamaa yetu sasa humshikia zamu Jumatatu na Alhamisi.

Uadhini wa Adhuhuri tumemrudishia mzee, kijana akisimama kando yake. Juzi alirudia tamko moja mara nne. Kijana alimgusa bega, naye akaendelea hadi mwisho.