Gemu ya Simu Si Bure, na Mashine ya Mkononi Haijafa

Wapemba wa Maskati wanapojitayarisha kurudi nyumbani kwa likizo, swali hili huzuka tena barazani, kuanzia Mkoani hadi Konde: mtoto aliyefaulu skuli aletewe nini, simu au mashine ya gemu? Wengi wameshakata shauri kwamba ni simu. Mashine za gemu za mkononi, husema, ni mambo ya zamani, ni ghali, na kila kilichokuwamo ndani yake sasa kimo kwenye simu, tena bure. Mimi nakataa. Nazijibu hoja zao moja baada ya nyingine, kwa sababu anayezigharimia ni mtoto, na nyuma yake mfuko wa mzazi.

"Gemu za simu ni bure."

Hii ndiyo hoja inayotangulia, na ndiyo potofu kuliko zote. Kuipakua Free Fire au eFootball hakulipiwi, ni kweli. Lakini kuipakua kunakula bando, kila inaposasishwa inakula bando tena, na kuicheza na wenzio kunataka intaneti wakati wote. Nyumba inayonunua bando la siku au la wiki inajua MB zinavyoyeyuka. Mtoto akiazimwa simu baada ya Isha, asubuhi mama anakuta hana hata za kumpigia WhatsApp dada yake aliyeko Maskati.

Bando, hata hivyo, ni sehemu ndogo ya bei. Mtengenezaji anayeitoa gemu bure huitafuta riziki yake ndani ya mchezo wenyewe. Mchezaji husubirishwa, huishiwa nguvu katikati ya raha, huwaona wenzake wamevaa mavazi asiyokuwa nayo, kisha huonyeshwa mahali pa kununua almasi za mchezo kwa pesa halisi. Gemu ndogo ndogo zisizouza almasi humkatizia mchezo kwa matangazo, na baadhi ya matangazo hayo mzazi asingependa ayaone. Mpango huu umeshawafikisha wakubwa mbele ya sheria. Mwaka 2014 Tume ya Biashara ya Marekani iliifanya Apple ikubali kurejesha si chini ya dola milioni 32.5 kwa wazazi ambao watoto wao walinunua vitu ndani ya programu bila idhini, na mwaka huohuo Google ikakubali kurejesha angalau dola milioni 19. Desemba 2022, Epic Games, wenye gemu ya Fortnite, walikubali kulipa dola milioni 520. Kati ya hizo, milioni 245 zilikuwa za kuwarudishia wachezaji walionunulishwa kwa hila vitu wasivyovikusudia. Ikiwa wazazi wa Marekani, wenye tume na mawakili, waliingizwa mkenge, mzazi wa Micheweni ana kinga gani?

Na kuna masanduku ya bahati. Mtoto analipa pesa halisi, sanduku linafunguka kwa mbwembwe na mataa, na hajui atatoka na nini. Aprili 2018 tume inayosimamia michezo ya kubahatisha nchini Ubelgiji ilitamka kwamba masanduku ya namna hiyo katika gemu kadhaa maarufu ni kamari iliyo kinyume cha sheria. Sisi tunaijua hukumu ya kamari bila kusubiri tume. Mzee anayemfukuza kijana barazani kwa kuchezea karata za pesa, kisha akamwachia mjukuu wake wa miaka tisa simu yenye sanduku la bahati, hajaelezwa kilichomo ndani ya simu ile. Ni wajibu wetu tunaojua kumweleza.

Gemu nyingi za mashine ya mkononi, hasa za zamani, hununuliwa mara moja na basi. Kadi inachomekwa, mchezo unaanza, hakuna bando, hakuna almasi. Rafiki akiitaka anaazimwa. Ukiichoka unaiuza au unabadilishana. Gemu uliyoinunua kwa akaunti yako ya simu huwezi kumuuzia mtu.

"Mashine ya gemu ni ghali."

Hii ina ukweli, na sitaupunguza. Nintendo Switch 2 ilipotoka Juni 2025 iliuzwa Marekani dola 449.99, zaidi ya shilingi milioni moja za Tanzania. Simshauri mtu amnunulie mtoto wa darasa la tano. Lakini anayelinganisha na alinganishe kwa haki. Switch Lite ilitoka mwaka 2019 kwa dola 199.99, na iliyotumika hupatikana chini ya hapo. PSP ya Sony au Nintendo DS, zote za mwaka 2004, ni rahisi zaidi ukizipata mkononi mwa mtu. Upande wa pili, simu ya bei ya chini ndiyo hasa isiyoziweza gemu nzito: inakwama, inachemka, betri inaisha kabla ya mechi. Simu inayozicheza vizuri bei yake inaifikia Switch Lite, na mara nyingi inaipita.

Anayenunua Maskati au Dubai aangalie mambo machache. Kadi za Switch na za DS ya kawaida hazibagui nchi, na gemu za PSP vilevile. Nintendo 3DS inabagua, kwa hiyo mashine ya Japani haitasoma kadi ya Ulaya. Duka la intaneti la 3DS limefungwa tangu Machi 2023, basi gemu mpya za mashine hiyo ni za kadi tu. Na kwenye Switch 2 zipo kadi ambazo ndani yake hamna mchezo, mna ufunguo tu, na gemu yenyewe lazima ipakuliwe kwa intaneti. Kwa mtoto wa Kojani kadi hiyo haina faida ya kadi.

"Simu ina nguvu kuliko mashine hizo."

Mara nyingi ni kweli, lakini nguvu haijawahi kuwa kipimo. Nintendo walipotoa Game Boy mwaka 1989, kioo chake kilikuwa hafifu na hakikuwa na rangi. Mwaka uliofuata Sega walileta Game Gear yenye rangi na mwanga. Game Gear ilimeza betri sita kwa saa tatu hadi tano. Game Boy kwa betri nne ilikwenda saa kumi na zaidi. Game Boy ikashinda, tena kwa mbali. Gunpei Yokoi, aliyeongoza utengenezaji wake, aliamini katika kutumia teknolojia iliyokwishazoeleka na kushuka bei, kisha kuumiza kichwa juu ya mchezo wenyewe.

Fikra hiyo inamfaa Mpemba kuliko mtu wa Tokyo. Hadi mwaka 2010, ulipofika waya wa baharini kutoka Tanga, kisiwa hiki kilitegemea majenereta ya dizeli, na hata leo umeme ukikatika, chaji iliyobaki kwenye simu ina kazi zake: taa, pesa, habari ya mgonjwa. Mtoto akiimaliza kwa gemu, nyumba nzima imekatiwa mawasiliano. Mashine ya gemu ikizima, imezima gemu peke yake.

Na kuna vitufe. Kidole kwenye kioo huziba kile unachotaka kukiona, na kwenye joto la Pemba kioo chenye jasho hakishikiki. Anayebeza vitufe ampe mtoto dakika tano za Super Mario kwenye mashine yake, kisha amtazame anavyoruka bila kuangalia vidole.

"Mashine za mkononi zimekufa."

Zipo zilizokufa. N-Gage ya Nokia ya mwaka 2003 haikufika mbali, wala PS Vita ya Sony. Lakini Switch, iliyotoka Machi 2017 wakati kila mtu alikuwa na simu mfukoni, imeuzwa zaidi ya milioni 150, na Switch 2 iliuzwa milioni tatu na nusu kwa siku zake nne za mwanzo.

"Simu si gemu ya kweli."

Hii wanaisema wa upande wangu, nayo ni kiburi. Mwaka 1997 Nokia 6110 ilikuja na mchezo wa nyoka, na wengi wa nchi hizi gemu ya kwanza kuishika mkononi ilikuwa nyoka yule wa Nokia. Kijana wa Wete anayecheza Free Fire na binamu yake wa Unguja anapata kitu ambacho PSP haitampa. Simu pia ina gemu za kununuliwa mara moja, zisizo na matangazo wala haja ya intaneti. Minecraft na Stardew Valley zimo. Ugomvi wangu ni na biashara iliyopandikizwa ndani ya gemu za bure.

"Ikiharibika, Pemba hakuna fundi."

Hapa wananishinda, karibu. Kioo cha simu kinabadilishwa Chake Chake siku hiyohiyo. Kwa mashine ya gemu itabidi usubiri mtu anayevuka kwenda Unguja au Dar es Salaam. Kwa hiyo anayenunua iliyotumika aikague palepale: betri za PSP zina tabia ya kuvimba, vijiti vya Switch huanza kujisogeza vyenyewe, na kila kitufe kibonyezwe kabla pesa haijatoka. Switch inatumia chaja ya USB-C kama simu nyingi za sasa, hiyo haina tabu. Ya PSP iwemo kwenye boksi. Na aliyekwishaamua kuleta simu, aweke neno la siri kwenye manunuzi ya Google Play kabla hajamkabidhi mtoto, na data aizime.