Manahodha Wengi, Chombo Huenda Mrama

Ndugu wafanyakazi,

Sisi wa Gisenyi, mji ambao leo ni Rubavu, tunaishi ukuta kwa ukuta na Goma. Bunduki zikilia kule, mpaka hufungwa, na kibarua anayevuka kila asubuhi hulala njaa. Tarehe 27 Januari 2025 makombora yalivuka yakaua watu mjini kwetu. Kwa hiyo shauri la kuunda jeshi la pamoja la dharura si la wakubwa peke yao. Ni letu pia.

Haja yake tunaijua. Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Umoja wa Mataifa uliamua askari wake wapunguzwe wabaki 270. Mwezi Mei ukakubali waletwe 5,500. Mauaji yalikwisha Julai, na wengi wao walikuwa bado hawajafika. Askari wa kutafutwa wakati nyumba inaungua hukuta majivu.

Afrika ikajifunza, ikaanza kuweka vikosi vya kukaa tayari. Kikosi cha Afrika Mashariki, ambacho Rwanda imo, kilitangazwa kuwa tayari mwishoni mwa 2014. Lakini mwaka 2022, Goma ilipotishwa, Jumuiya yetu iliunda jeshi jingine upya. Kenya, Burundi, Uganda na Sudan Kusini zilipeleka askari. Kinshasa ilitaka wapigane na M23. Wenyewe walisema wamekuja kusimamia amani. Desemba 2023 wakaondoka.

Sasa tazameni jambo hili. Mwaka 2013 Tanzania, Afrika Kusini na Malawi zilitoa askari wapatao 3,000 chini ya amri moja na hazina moja ya Umoja wa Mataifa, na serikali za jirani zilikwisha kutia saini mapatano Addis Ababa. Kufika Novemba, M23 ilishindwa. Nchi zilezile tatu zilirudi Desemba 2023 chini ya SADC, safari hii bila mapatano yaliyoshikwa. Januari 2025 Goma ikaanguka, na kuanzia mwisho wa Aprili askari wao walipita hapa kwetu wakirudi makwao. Ushujaa haukupungua. Kilichopungua ni umoja wa shauri.

Sisi wa chama tunalijua hilo. Mgomo wenye wenyeviti watatu huvunjika siku ya kwanza. Tunasema: mapatano kwanza, amri moja, hazina iliyojazwa mapema, na sauti ya wafanyakazi wa mpakani isikilizwe kabla askari hawajapanda magari. Maana vita vikija, wa kwanza kulipa ni sisi.

Umoja ni nguvu!