Usugu wa Dawa Matumboni mwa Wagonjwa

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako niwakumbushe wasomaji jambo ambalo wataalamu wa Japani, Ochiai na Akiba, walilibainisha tangu mwaka 1959: ya kwamba bakteria wa kuhara damu, ambaye hapo kabla alikuwa akifishwa na dawa, aweza kupata usugu kwa bakteria mwingine aliye jirani yake tumboni, ambaye humpa kipande cha DNA chenye jeni tukiitacho leo plasmidi, na usugu huo ukawa wa dawa nne kwa mara moja.

Basi hospitalini, ambamo wagonjwa wengi hutumia dawa za kuua bakteria, yaani antibiotiki, na kuhudumiwa kwa mikono ile ile, mtu aweza kutoka amepona maradhi yake, ilhali amechukua tumboni, pasipo kuhisi madhara yoyote, usugu atakaowaambukiza wengine.

Kwa hiyo nawasihi waganga na wauguzi wanawe mikono kabla na baada ya kumgusa kila mgonjwa, wala wasitoe antibiotiki kwa mafua, ambayo haiyaponyi. Kwani dawa hizi ni amana, na azifujaye leo humdhulumu mgonjwa wa kesho.

Wasalaam,
Msomaji wako, Tanga