Anayeolewa naye asome takwimu



Leo tuweke shela pembeni kidogo. Juzi alikuja dukani kwetu, hapa Morogoro mjini, binti wa Kidato cha Nne na mama yake. Walikuwa wameteremka kutoka Kinole na ndizi za kuuza soko la Chifu Kingalu. Posa imeshapokelewa, nikaha ni baada ya mitihani, wakataka tumpime mapema. Tukamuuliza hesabu zinaendaje. "Anti, takwimu nimeziacha. Mimi si naolewa?"

Kwa kweli tuliudhika. Heri wazee wake wanasubiri, maana tangu 2016 sheria inampa kifungo cha miaka 30 anayemuoa mwanafunzi. Lakini kusubiri mtihani huku umeshaacha kusoma, kuna faida gani?

Sisi wenyewe tulikariri mada hiyo shuleni bila kuielewa, tukaja kuielewa kwenye cherehani. Modi ni namba inayojirudia kuliko zote. Baibui zinazoulizwa sana kwetu ni za urefu wa inchi 54, basi hizo ndizo tunazoshona na kutundika. Tungefuata wastani tungeshona 55 na robo, na mteja wa urefu huo hatujamwona.

Tukamgeuzia mahari, kwa kuwa akili yake ilikuwa huko. Tuseme mabinti watano wamepewa 300,000, 300,000, 400,000, 500,000, na mmoja mwenye bahati zake 5,000,000. Jumla ni 6,500,000. Gawa kwa 5, wastani ni 1,300,000. Je, kati yao nani kapewa 1,300,000? Hakuna! Huyo mmoja kawavuta wote juu. Mediani, yaani ya katikati ukishazipanga kutoka ndogo hadi kubwa, ni 400,000, na modi ni 300,000. Mama mtu akacheka: "Kumbe mashoga zangu wananihesabia na huyo wa milioni tano!" Mahari ni haki ya binti, hatumpangii mtu kiwango. Ila shangazi akisema "siku hizi mahari ni milioni na kitu", muulize kapigaje hesabu.

Hata mvua ya Uluguru ni vivyo hivyo. Kinole na Matombo, upande wa mashariki, inanyesha mpaka unachoka. Huku mjini mlima unaikinga. Ukituchanganya sote ukatafuta wastani, hupati mvua ya kwao wala ya kwetu.

Makosa tuliyoyaona daftarini kwake ni yale yale yetu ya zamani. Anachagua mediani kabla ya kuzipanga namba. Kwenye jedwali la data za makundi anagawa kwa idadi ya makundi, badala ya jumla ya marudio. Ile fomula ndefu ya mediani ya makundi akariri tu, hakuna namna, lakini ajue inatafuta mtu wa katikati.

Kina mama, tunawaomba: vikao vya sare na kuzungukia mapambo vifanyeni wenyewe, binti muacheni na daftari. Huyu wetu tumempima, kitambaa tumekikunja rafuni. Tumemwambia hatutii mkasi mpaka amalize karatasi ya hesabu, na mama yake amekubali.