Kidonda Hufunzwa, Moyo Hupimwa

Waungwana, hapa Kitengela nimewasikia watu wakimcheka binti aliyepata nafasi chuo cha uuguzi, ati hajapata hata kufunga kidonda. Mimi sikubaliani nao. Vyuo vyetu vya Kenya hutazama alama za sekondari, bayolojia ikiwamo. Haviulizi umeuguza wangapi. Kufunga kidonda hufunzwa wodini, chini ya jicho la muuguzi mzoefu. Bibi Rufaida, aliyewatibu majeruhi wa vita vya Handaki mjini Madina, husimuliwa kuwa naye alifunzwa na babake.

Lakini uvumilivu hauna mwalimu. Basi wazazi, kabla hamjauza mbuzi kulipa karo, mwacheni kwanza amuuguze jamaa aliyelazwa hospitali ya Kajiado: amlishe uji, amwoshe, aizoee harufu ya wodi. Akirudi na hamu ile ile, uzeni.