Acha kunakili blanketi za watu, chora yako

Pita kwa fundi wa nguo yeyote mjini Migori jioni anapofunga kazi, kisha angalia chini ya cherehani yake. Utapata vipande vya vitenge, kona za sare za shule na mabaki ya bitana, vyote vikingoja ufagio na kiberiti.

Najua wengi wenu mmeshaona kuna pesa hapo. Mnashona blanketi za viraka, mito ya makochi, hata mikoba. Safi sana. Shida ni kwamba karibu kila mtu anafungua simu, anatafuta mchoro wa Mmarekani fulani, anaunakili ulivyo, kisha anashangaa mbona wateja wanamlinganisha bei na jirani. Rafiki yangu wa Homa Bay alishona blanketi la nyota, akalipiga picha, akaiweka mtandaoni. Wiki haikuisha, mwingine akaleta lilelile kwa bei ya chini. Sasa angelalamika wapi? Wote wawili walikuwa wameutoa mchoro mahali pamoja.

Msimamo wangu ni huu: kunakili ni sawa ukiwa unajifunza kushona. Ukianza kuuza, chora mchoro wako.

Chukua ule mchoro maarufu wa Marekani wa nyumba ya magogo. Vipande virefu vyembamba vinazunguka mraba mmoja wa katikati, na kwa desturi mraba huo huwa mwekundu, eti ndio moto wa nyumbani. Unapendeza, lakini waliouanzisha walikuwa wanaangalia kwao. Kwenu moto unakaa kati ya mafiga matatu. Mbona basi blanketi lako lisiwe na mafiga?

Kwa hivyo anza na macho, si simu. Kilomita 46 hivi kutoka mji wa Migori kuna Thimlich Ohinga, boma la kuta za mawe linalokadiriwa kujengwa karne ya 16. UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kuta zile hazina saruji wala udongo wa kuunganisha. Ni mawe makubwa na madogo, hakuna mawili yanayofanana, lakini yamepangwa yakashikana.

Sisi huenda pale tukapiga selfi tukarudi. Hebu angalia tena kama fundi. Shida ya aliyejenga ukuta ule ndiyo shida yako: vipande visivyolingana. Ukivikata vyote viwe sawa, utatupa nusu ya kitambaa. Badala yake, unganisha vidogo viwili au vitatu mpaka vifikie upana wa kimoja kikubwa, nyoosha ukingo kwa mkasi, kisha vishone pamoja. Endelea hivyo mpaka upate mraba kamili. Tayari una mchoro ambao hakuna mtu wa Texas anao.

Ukiwa Homa Bay, nenda ufuoni asubuhi. Kuna matanga ya pembetatu, nyavu zenye matundu ya umbo la almasi, na boti zilizopakwa rangi ambazo kwingine usingezithubutu pamoja. Ukipanda kidogo mpaka Mbuga ya Ruma, kuna twiga, na ngozi ya twiga ni viraka tayari.

Ukishapata umbo, tafuta daftari la hesabu la miraba, lile la shule ya msingi. Kila mraba uwe inchi moja. Chora kipande cha inchi 12 kwa 12, kipake rangi, halafu kinakili mara nne na ukigeuze kila mara. Hapo ndipo raha ilipo, kwa sababu mchoro mmoja ukigeuzwa huzaa mingine ambayo hukuipanga. Blanketi la inchi 60 kwa 72 litataka vipande 30 vya namna hiyo, yaani 5 kwa upana na 6 kwa urefu.

Unapokata, ongeza robo inchi kila upande kwa ajili ya mshono. Kipande kinachotakiwa kuwa inchi 4 kikate inchi 4 na nusu. Ukisahau hili, hakuna kitakachokutana na kingine.

Rangi nazo zinachanganya. Tandaza vipande sakafuni, vipige picha na uigeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Kama vyote vinaonekana kijivu kimoja, mchoro wako utapotea. Ongeza cha giza au cha mwanga. Pia fua vitenge kabla ya kukata, maana kuna vinavyotoa rangi na vinavyonywea. Na usichanganye pamba na fulana za mitumba zinazovutika, mshono utajikunja.

Najua utaniambia hujasomea ubunifu. Hata mimi chuo sikumaliza. Dani yangu naye hakukiona kabisa, lakini blanketi lake la viraka lilikuwa na mpango wake: nguo za marehemu babu katikati, za watoto pembeni. Hakuna aliyemfundisha mahali pa kuweka nini.

Kule Alabama, Marekani, kuna kijiji cha Gee's Bend ambako wanawake Weusi walishona blanketi kutoka kwa nguo za kazi zilizochakaa, kila mmoja kwa mpangilio wake. Mwaka 2002 blanketi hizo zilionyeshwa kwenye majumba ya sanaa ya Houston na New York, na 2006 zikachapishwa kwenye stempu za posta za nchi hiyo. Wangenakili za duka, nani angezijua?

Halafu kuna sheria. Kenya hii, kazi ya sanaa uliyoibuni inalindwa na hakimiliki, na unaweza kuiandikisha kwa KECOBO. Muundo mpya wa bidhaa unaweza kuusajili KIPI kwa miaka 5, na ukaongeza muda mara mbili hadi 15. Neno la kushika hapo ni mpya. Mchoro uliopakua mtandaoni huwezi kuusajili, na aliyekuiga huwezi kumshtaki.

Sisemi utatajirika na viraka. Wateja wengine bado watataka ile nyota ya simuni, na utawashonea kwa sababu kodi ya nyumba inakuja. Lakini kando yake weka moja yako, na uipe jina. Mteja akiuliza ni ya wapi, utakuwa na jibu, na fundi wa pili hatakuwa nalo.

Kesho jioni, kabla kiberiti hakijawashwa, mwombe fundi wa mtaani kwenu mfuko mmoja wa vipande. Daftari la miraba utalipata duka lolote.